Kiraka Namba Saba

Nilivirithi kwa Veijo Kuusela
alipostaafu akaenda kufuga nyuki Kajaani:
ufunguo wa ofisi, kikombe kisicho na mkono,
vifurushi mia mbili na kumi vya programu,
na kiraka namba saba.

Mstari mmoja tu.
Unaiambia kompaila: hapa, nyamaza.
Juu yake Veijo kaandika:
"Bila hiki haijengeki kwenye mashine ndogo. Usiulize."

Sikuuliza. Miaka sita.
Kila toleo jipya liliposhuka kutoka Valdivia,
ambako Eleuterio Catrileo huiandika programu hii usiku
akishafunga karakana yake ya kutengeneza mizani,
nilikitwaa kiraka, nikakipima:
mistari imesogea, mshono haukai.
Nikafumua, nikashona,
nikarudi kwenye kahawa iliyokwisha poa.

Tuure, wa meza ya dirishani, husema:
"Mpelekee. Nguo yake, tundu lake."
Nami humjibu: halipwi hata senti,
na si yeye aliyetutuma kuijenga
kwenye vimashine vya bei ya viatu.
Aliye chini ya mto na achuje maji yake.

(Sikumwambia kwamba naona haya.
Kiraka kinachosema nyamaza,
ni zawadi gani hiyo ya kumpelekea mtu?)

Januari, usiku, theluji imeziba mlango wa baiskeli,
nikachungulia maghala ya wenzetu.
Brno wanacho. Curitiba wanacho.
Busan wanacho, kimekatwa kwa mkasi mwingine.
Watu wanne, sindano nne, tundu moja,
na mwenye nguo hajui
kwamba mgongo wake uko wazi.

Nikamwandikia, kwa Kiingereza changu cha shule.

Jibu lilikuja siku ya tisa.
"Asante. Sikipokei.
Kompaila yenu haikuwa ikipiga kelele,
ilikuwa ikisema kweli.
Sahihisho la kipima joto nimelitia katika chombo
ambacho kwenye mashine yangu kinajua hasi
na kwenye zenu hakijui.
Hasi tatu kwenu inasomeka mia mbili hamsini na tatu,
programu inaliona jambo la kichaa, inalitupa,
na kipimo kinabaki bila kusahihishwa.
Samahani. Mimi ni fundi mizani, ningepaswa kujua.
Je, mna kituo chenye sahihisho la hasi?"

Tunacho. Kimoja, kaskazini kabisa.
Majira manne ya baridi kimetangaza
nyuzi tatu za joto zisizokuwepo.
Ravdna Aikio, mwenye kulungu wake wa theluji,
alitulalamikia mara mbili
kwamba kipimo chetu na pua yake havipatani.
Tulimjibu kwa adabu.
Barua zote mbili ninazo. Nimezisoma tena
nikiwa nimesimama.

Tuure alisema, "Nilikuambia."
Lakini naye alitaka nipeleke kiraka tu.
Hakuna kati yetu aliyetaka kuuliza
kompaila ilikuwa ikilia nini.

Brno walishukuru. Curitiba walituma picha ya keki.
Busan hawajajibu, na kiraka chao kingalipo,
kimenyamaza vizuri.

Toleo jipya la Eleuterio ni mpaka Aprili,
karakana imejaa mizani za msimu wa mavuno.
Kwa hiyo namba saba bado naibeba:
si ile; hii ni mistari kumi na minne, ya mkono wake,
na juu yake nimeandika ilikotoka,
na siku ya kuitupa.

Jumapili nikampigia Veijo.
Tukaongea nyuki, wamelala, wanne kati ya mizinga kumi
huenda wasiamke.
Kisha nikamwambia: niliuliza.

Akanyamaza.
Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni,
kikizunguka,
mtu asiyetia sukari.